UZI: Mitumba mtandaoni ukiwa Malindi – acheni nguo, tazameni vyombo vya majumbani

mama_vyombo

Salaam wana jukwaa. Vijana wa hapa Malindi wamenijaza inboksi: "Dada, nina elfu tano, nataka kuuza mitumba mtandaoni, nianzie wapi?" Kujibu mmoja mmoja nimechoka, nafungua uzi, kila mtu asome hapa.

La kwanza litawaudhi wengi: kama uko Malindi, nguo waachie wenyewe. Beli zinashuka bandarini Mombasa, nyingi zinapanda soko la Gikomba Nairobi, nyingine zinabaki soko la Kongowea. Beli ikikatwa, waliowahi ndio wanaochukua kamera, ile mali safi ya juu. Inayobaki inachambuliwa, inachambuliwa tena, mwisho inakuwa fagia ya kumwagwa chini kwenye turubai. Hadi blauzi ifike soko letu ishapita kwa watu ambao macho yao ndiyo mtaji wao. Sasa mteja wako wa mtandaoni yuko wapi? Nairobi! Yaani unanunua masalio ya Nairobi, unayapandisha basi, unamuuzia mtu wa Nairobi ambaye Gikomba kwake ni nauli ya matatu moja. Faida itokee wapi hapo?

Sisi tuna kitu ambacho wao hawana: majumba ya Wataliano. San Marco 2, setilaiti ya Italia, ilirushwa kutoka Ngomeni mwaka 1967, na mafundi wa mradi ule ni katika Wataliano wa mwanzo kuijua pwani hii. Wakafuata wenzao, zikajengwa vila Casuarina, Silversands, mpaka Watamu. Leo wenye nyumba wengine ni wazee, watoto wao huko Milano hawataki habari ya vila ya makuti inayovuja. Nyumba inauzwa, vitu vinatoka. Kuna vinavyouzwa na mwenyewe, kuna anavyopewa mpishi, askari au mama wa usafi kama shukrani au kujaziliza malipo ya mwisho. Vingine vinaishia kwenye banda la mabati Kisumu Ndogo, hakuna anayejua ni nini.

Nitoe mfano wa birika ya kahawa, ile ya pembe nane ya kuweka juu ya jiko. Mtaliano Bialetti alianza kuitengeneza 1933. Ya kwake ina katuni ya mzee mwenye masharubu ameinua kidole, imechapwa ubavuni. Ukiishika usiitazame kwa nje tu. Ifungue. Ukiona ndani kuna weusi usioogopesha, hiyo ni kahawa ya miaka na inatoka. Ukiona vishimo vyeupe vinavyokwaruza ukucha, alumini imeliwa, irudishe. Tazama raba ya katikati: ikiwa ngumu na imepasuka si neno, raba inabadilishwa. Halafu kuna kijivali cha shaba pembeni ya chungu cha chini, kile cha kupumulia mvuke. Ukiona kimeziba kwa chumvi ya maji yetu haya ya visima, kizibue au usiuze kabisa, maana mvuke ukikosa pa kutokea unatokea usoni kwa mteja. Na usisugue kwa steelwool kutafuta mng'ao. Mnunuzi anayejua akiona michirizi ile anaondoka.

Hesabu ya birika moja: nimenunua 300, raba 150, boda 100, boksi na gazeti na selotepu 60. Jumla 610. Nikaiuza 1,800, kifurushi mteja alijilipia. Mtu akisikia hivyo anakimbilia kuacha kazi. Subiri: kwenye rafu hiyo hiyo kuna seti ya vikombe vya kahawa imekaa tangu masika na haijaulizwa hata bei.

Karibuni kwa maswali. Matusi pelekeni kwenye uzi wa siasa.

kijana_barani

Dada shukran. Mimi ndiye mmoja wa hao wa elfu tano 😂 Swali: nitajuaje kitu kina thamani? Mimi sahani naiona sahani.

mama_vyombo

Igeuze. Kila kitu cha maana kinajitaja chini ya tako. Sahani za kauri za Ginori, kiwanda cha tangu 1735 karibu na Florence, zina alama chini. Bakuli za Alessi, kiwanda kingine cha Italia, zimegongwa jina kwenye chuma chenyewe. Kijiko kikigongwa 800, hiyo ni fedha, sehemu 800 katika 1,000. Ikiwa 925 ni fedha zaidi. EPNS ni fedha ya kupakwa tu, Waingereza waliacha nyingi. 18/10 ni chuma kisichoshika kutu, kizuri kwa sufuria, lakini usimwambie mtu ni fedha.

Tembea na sumaku ndogo mfukoni, ile ya kubandika frijini inatosha. Trei inang'aa kama shaba na sumaku inang'ang'ania? Ni bati lililopakwa rangi. Fedha na shaba hazishiki sumaku. Haikupi jibu lote, ila inakuondolea uongo mwingi.

Kisha piga picha ile alama, tafuta kwa Google Lens. Bei angalia eBay, lakini sikiliza vizuri: usiangalie bei walizoandika wauzaji. Mtu anaweza kuandika milioni kwa kijiko. Kwenye kichujio chagua vilivyokwisha kuuzwa, hapo utaona mtu alitoa ngapi kweli. Na hiyo bado ni bei ya Ulaya. Mimi naitumia kujua kama kitu kinatafutwa, si kujua nitauza ngapi. Bei ya Kenya utaipata Kenya.

gikomba_kamera

Nimetajwa nimekuja 😅 Mimi ni muuzaji wa nguo Nairobi, nakubaliana na mama kwa asilimia kubwa, ila asiwakatishe tamaa kabisa. Kuna nguo zinapita kila mtu hajui. Jinzi ya Levi's yenye kile kilebo chekundu mfukoni: ikiwa LEVI'S imeandikwa na E kubwa, ni ya kabla ya 1971, na kuna watu wanalipa vizuri kwa hiyo. Fulana yenye mshono wa uzi mmoja tu kwenye pindo na mikono, mara nyingi ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990. Lakini E kubwa zimetolewa tena kama kumbukumbu, kwa hiyo angalia na lebo ya ndani usiruke tu.

Ukweli ni kwamba hizo ni bahati. Chakula cha kila siku ni magauni ya 350 na koti za baridi mwezi wa Juni na Julai. Na nyinyi wa joto hilo mkiletewa koti na fagia mnaziona takataka. Nitumieni mimi hizo koti!

mzee_wa_mnarani

Mimi niulize bila kupaka mafuta. Hivi vitu "anavyopewa mpishi" ni vingapi kweli anapewa, na vingapi vinatoka usiku kupitia ua wa nyuma? Nimekaa mji huu miaka. Mtaliano anaondoka Aprili mvua ikianza, anarudi Julai nyumba haina hata kijiko. Leo kijiko kile kiko Instagram kina maua pembeni. Msifundishe vijana wetu kuwa wapokeaji wa mali ya wizi halafu muite biashara.

mama_vyombo

Mzee shikamoo. Umesema kweli na sitajificha. Nyakati za nyumba kufungwa ndizo vitu "vizuri" vinapotembezwa zaidi, na ndizo nyakati mimi nanunua kidogo zaidi.

Sheria haichezi. Kupokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kujua, ni kifungu cha 322 cha sheria ya makosa ya jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. "Sikujua" haitakusaidia kama umenunua seti nzima ya fedha saa nne usiku kwa mia tano.

Ninachofanya: nanunua mchana, nyumbani kwa muuzaji au kwa mwenye vila mwenyewe. Namwomba barua au hata meseji ya tajiri wake inayosema amempa. Wataliano wengi wako WhatsApp, ujumbe wa sauti wa nusu dakika unatosha. Naandika kwenye daftari jina, namba ya kitambulisho, kitu, bei, anaweka sahihi. Namlipa kwa M-Pesa, si mkononi, ili ibaki alama. Anayekataa kuandikwa, nampa maji ya kunywa namuaga.

mzee_wa_mnarani

Marahaba. Hapo kwenye daftari nimeridhika. Kwa wengine bado nina shaka.

zamani_haosikipa

Na mimi niseme upande wetu kwa sababu hakuna anayetusemea. Nimefanya kazi vila nyingi hizo. Tajiri anaondoka, mshahara wa miezi anakuambia "chukua sofa, chukua taa, chukua vyombo". Sofa nitaipeleka wapi, chumba changu ni cha futi kumi kwa kumi! Wanakuja nyinyi wanunuzi mnanipa 300 ya birika. Leo ndio nasoma hapa 1,800. Kwa kweli imeniuma. Dada unaongea vizuri lakini ukijua bei na mimi sijui, hiyo ni nini?

kijana_barani

Duh. Hii imenigonga.

gikomba_kamera

Bila kukosa adabu dada, hiyo ndiyo biashara yote duniani. Anayejua ndiye anayefaidi. Hata mwenye beli angejua ndani kuna E kubwa asingeiuza kwa kilo.

mama_vyombo

Hapana gikomba, beli mwenyewe ameifunga bila kuiangalia na ana kontena nzima. Huyu dada vyombo vile ni mshahara wake. Si sawasawa.

Dada, nimekusikia. Kuna mambo mawili ninayoyafanya, na uniambie kama hayatoshi. Kitu ninachokijua kuwa ni cha bei, sinunui moja kwa moja. Nakichukua kwa kukuuzia: tunaandikiana, kikienda tunatoa gharama, kinachobaki nusu kwa nusu. Hasara yake kwako ni kusubiri. Ukitaka pesa leo, nanunua leo kwa bei ya leo, na kikiuzwa zaidi ya mara tatu ya nilichokupa nakuongeza. Ile birika mwenye nayo alipata 200 juu. Haikuwa sheria ya mtu, ila mji ni mdogo na mama yule ndiye anayeniita vila nyingine ikifungwa.

zamani_haosikipa

Nusu kwa nusu naikubali. Hiyo 200 juu ni ya kunyamazishana, lakini afadhali wewe umeitaja. Nina taa mbili na kabati la vioo. Nitakutafuta.

fundi_sele

Wenye vyombo mmesahau kitambaa! Mimi ni fundi wa cherehani, Old Town hapa. Mapazia na mashuka ya vila, yale mazito ya kitani, watu wanayauza kama matambara. Shuka moja ya kitanda kikubwa inatoa shati mbili za mikono mifupi na mfuko unabaki. Kitani cha zamani kimeshafuliwa mara nyingi, kimelainika, hakisinyai tena. Mteja wa Nairobi analipia shati hiyo kuliko mtumba wowote. Lebo ikiandikwa lino ni kitani, seta ni hariri, lana ni sufu, vera pelle ni ngozi halisi. Kuna kijialama kama ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa, hiyo pia ni ngozi.

Angalieni madoa ya kutu yanayoachwa na vyuma vya pazia. Mengine ndimu na chumvi na jua la saa sita yanatoka, mengine nakatia nje ya patani.

Na kwa wanaouza magauni ya Wataliano: 44 ya Italia ni kama 12 ya Uingereza. Msiandike saizi ya lebo peke yake. Pima kwapa kwa kwapa kwa utepe wa fundi, andika inchi. Nusu ya ugomvi wa "hainitoshi rudisha pesa" ni hapo.

mama_vyombo

Fundi, hongera, hiyo ya mashuka sikutaka kuitangaza 😂

amu_langoni

Assalam aleikum kutoka Lamu. Uzi mzuri. Kwetu vitu vya zamani viko kwenye nyumba za mababu si za wageni. Amu yangu ana mlango wa kuchonga umetolewa nyumba ilipobomoka, na kuna kasha la mbao lenye misumari ya shaba. Kuna dalali anataka kuupiga picha aweke mtandaoni, anasema mzungu atalipa kwa dola. Amu yuko njia panda. Mnasemaje?

mama_vyombo

Waaleikum salaam. Mwambie amu amtoe dalali barazani kwa upole, kahawa amalizie njiani.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inataja milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 kuwa vitu vinavyolindwa. Na kitu chochote cha kuhamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kinahesabiwa kuwa mali ya kale. Kukiuza kama biashara kunataka leseni, kukitoa nje ya nchi kunataka kibali. Nendeni makumbusho pale mbele ya bahari Lamu, waje walione kasha, wawaambie ni la lini. Huenda likawa la juzi na mkauza kwa raha zenu. Mlango mimi ningeubakisha nyumbani hata bila sheria, lakini hilo ni la amu na nduguze.

Kwa sababu tumefika hapo: kwenye vila za zamani utakuta gamba la kasa limetundikwa ukutani, kitana cha gamba, bangili ya pembe ya ndovu. Usinunue, usipige picha, usipokee hata bure. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ni kali mno na hakuna daftari litakalokuokoa.

amu_langoni

Allah akuhifadhi. Amu amesoma mwenyewe kwa miwani yake, ameanza kumtafuta dalali kwa simu 😂

kijana_barani

Narudi kwa elfu tano yangu. Niigawe vipi? Na nauzia wapi, Instagram au Facebook au TikTok?

mama_vyombo

Usitumie yote kununua. Mali isizidi 2,500. Elfu moja ni ya maboksi, usafiri na matengenezo. Inayobaki iache kwenye simu, usiiguse, kwa sababu kitu kizuri kinatokea siku usiyokuwa na pesa. Nunua vitu vichache vinavyofanana, mfano birika na vifaa vya kahawa tu, mpaka uvijue kama jina lako. Anayenunua kila kinachong'aa anageuza chumba cha mamake kuwa stoo.

Pa kuuzia: anza status ya WhatsApp. Ndiyo, watu ulionao. Wakianza kukuuliza ndipo ufungue Instagram. Facebook Marketplace inafaa kwa vikubwa vya hapa hapa, meza, viti, taa, kwa sababu havisafiri. TikTok inaleta watazamaji, wanunuzi ni wachache, lakini video ya kusafisha chuma cheusi kikawa cheupe inapendwa mno.

Picha: asubuhi, barazani, kivulini. Jua la Malindi saa sita linaunguza picha. Shuka nyeupe chini, na picha ya ufa iwe ya pili, si ya mwisho. Aliyeona ufa kabla ya kulipa hana la kulalamika.

Malipo kabla ya kutuma, na usitazame meseji, tazama salio lako. Kuna watu wanaandika meseji inayofanana kabisa na ya M-Pesa. Kuna wengine wanalipa kweli, wanachukua mzigo, halafu wanaomba muamala urudishwe wakidai wamekosea namba. Weka mazungumzo yote, usifute chat.

gikomba_kamera

Naongeza: "nishikie hadi mwisho wa mwezi" ni uongo. Mwenye nia anaweka deposit.

pwani_mgeni

Nimesoma yote. Glasi mnazitumaje Nairobi zikafika nzima? Zangu zilifika vipande na ofisi ya vifurushi ikasema niliandika "vyombo" badala ya "vioo".

mama_vyombo

Kila glasi ijazwe gazeti ndani kwanza, halafu iviringwe nje, halafu zisimame wima. Zisilazwe. Katikati weka vipande vya boksi kama vyumba. Chini na juu weka makumbi ya nazi yaliyokauka au matambara, vidole viwili vya unene. Ukifunga, tikisa boksi karibu na sikio: ukisikia chochote, fungua tena. Andika VIOO pande zote nne na juu, na risiti isomeke vioo, thamani yake iandikwe. Piga video ukifunga. Boksi la glasi sita nalitia ndani ya boksi jingine kubwa kidogo, nafasi ya kati naijaza. Ni gharama, mteja mwambie mapema.

pwani_mgeni

Shukran sana. Na ile trei ya shaba niliyoiona status yako bado ipo?

mama_vyombo

Ipo. Sumaku haishiki. Ina bonyeo moja pembeni, picha nakutumia sasa hivi. 2,200, kifurushi juu yako.

pwani_mgeni

Bei ya mwisho?

mama_vyombo

Ndiyo hiyo hiyo.